Masaa 31 ya mahojiano: nimlipe mnukuzi, nijikaze mwenyewe au niiachie kompyuta?

#1 MtafitiMvivu
Wakuu, habari zenu. Nipo mwaka wa pili wa masta, afya ya jamii. Nimerudi fildi na mahojiano 26, jumla masaa 31, yote Kiswahili. Mada ni uzazi wa mpango, washiriki ni kina mama wa vijijini mkoa wa Morogoro. Msimamizi anataka yote yaandikwe neno kwa neno kabla sijagusa uchambuzi.

Wiki iliyopita nikajaribu moja la dakika 50. Jioni tatu! Mgongo umegoma, na mke wangu ananiuliza huyo mama wa kwenye spika anayerudia sentensi moja mara kumi ni nani.

Nimeulizia wanaofanya kazi hii. Mmoja kasema 45,000 kwa saa moja ya sauti, yaani 1,395,000 mzigo wote. Mwingine 25,000 na anamaliza kwa siku nne. Jamaa wa hosteli anasema hao wote wezi, pakua programu, lala, ukiamka kazi imekwisha.

Mliowahi kulipa, kuna faida ya kweli au ni kulipia uvivu?

#2 Kipanga
SAA 31, siyo masaa. Kwa Kiswahili hiki hao kina mama walikuelewa kweli?

#3 BintiWaPedeli
Mdogo wangu, hii kazi naifanya mwaka wa tisa, kwa hiyo nina upande, sifichi.

Anza na hesabu. Mzoefu, sauti ikiwa safi, saa moja ya sauti inamla kama saa nne za kazi. Anayeanza ni sita mpaka nane, ndiyo maana ulikesha. Saa zako 31 mara nne ni 124. Gawa kwa siku nne za huyo wa 25,000, unapata saa 31 za kazi kwa siku. Siku ina saa 24. Kwa hiyo ama anakugawia vijana wanne usiowajua, ama anaitupa kwenye programu anakurudishia ilivyotoka.

Unalipia nini? Siyo kuchapa, kuchapa kila mtu anajua. Unalipia sikio. Mama akisema "mh" anakubali, akisema "mh-mh" amekataa, na ukiandika zote "mh" umeshamgeuza. Kuna "aa" ya kukataa na "aaa" ya kuelewa. Kuna kusonya. Mwulize mama wa kijijini kuhusu mkwe wake, asisonye, kisha unionyeshe. Hilo nalo ni jibu, naliandika kwenye mabano ya mraba na muda wake pembeni, ili msimamizi akitaka kuhakiki aende palepale.

Mimi hapo ninakanyaga pedeli, sauti inarudi nyuma sekunde mbili, mikono haitoki kwenye kibodi. Wewe nadhani ulikuwa unashika kipanya, unarudisha, unapitiliza, unarudisha tena.

#4 Chipu_Moto
Dada wa #3 analinda ugali wake, na simlaumu. Ila dunia imehama. Kuna Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, imetoka Septemba 2022, ni bure, unaishusha kwenye kompyuta yako na inafanya kazi hata bila intaneti. Saa 31 unaziingiza usiku. Asubuhi unapitia na kusahihisha tu.

#5 BintiWaPedeli
"Unapitia na kusahihisha tu." Hiyo "tu" ndiyo bei yangu.

#6 MwanaTudor
Salaam kutoka Mombasa. Mimi nimekuwa pande zote mbili. Miaka mitatu nilifanya transikripsheni za mtandaoni za Wamarekani, mikutano ya mashirika, mahubiri, madaktari wakisoma faili. Sasa nafanyia watafiti wa huku.

Kosa kubwa nililowahi kuona wala halikuwa la sikio. Mzee mmoja wa Kisauni alisema kwenye kinasa, "bibi yangu ni mjamzito." Mnukuzi akaandika sawasawa. Faili likaenda kwa mfasiri wa bara ya Tanzania, na kwenye ripoti ya Kiingereza nikasoma kwamba mzee wa miaka 40 ana nyanya mjamzito. Huku kwetu bibi ni mke. Kwa hiyo ulizia pia mnukuzi wako amekulia wapi, usitosheke na bei.

#7 Kipanga
Nyanya mjamzito? Huku kwetu nyanya inakaangwa na kitunguu mkuu.

#8 MwanaTudor
😂 Ndiyo maana nasema ulizia.

#9 MtafitiMvivu
Asanteni. Nimefanya jaribio. Nimechukua dakika tano za mahojiano namba 14, nimezinukuu mwenyewe, nimempa yule wa 45,000 (kanifanyia bure kama sampuli), na nimeziingiza kwenye programu. Kwingine tunapatana patana. Ila kuna sentensi moja, pikipiki inapita nje wakati mama anaongelea kijiti, kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Ona:

Mimi: "Kijiti sijatoa, mume wangu hajui."
Mnukuzi: "Kijiti nshatoa, mume wangu hajui. [anasonya]"
Programu: "Kijiji shatoa mume wangu ajue."

Nimeweka sekunde 12 za sauti hapa chini, sikilizeni mniambie. Sura yangu yote ya tatu inasimama juu ya huyu mama: anaficha kwamba anatumia, au anaficha kwamba ameacha?

[kiungo cha sauti]

#10 Chipu_Moto
Nimesikiliza kwa spika za masikioni mara nane. NSHATOA. Ila nakiri "kijiji" ni aibu.

#11 Mama_Kidawa
Sijatoa. Wazi kabisa. Vijana mnasikiliza kwa simu za mtumba.

#12 Kipanga
Mimi nimesikia pikipiki. Ni Boxer, imechoka.

#13 NesiWaZamu
Nipo kliniki ya mama na mtoto, niwasaidie kidogo. Kijiti kimoja tunawaambia kina mama ni miaka mitatu, vile viwili ni miaka mitano. Angalia juu huko kwenye mahojiano alisema alikiweka lini. Kama ni kimoja na kimepitisha muda, basi "sijatoa" ni tatizo la kiafya wala siyo la ndoa, na "hajui" inakuwa na uzito mwingine. Mnukuzi asiyeijua kliniki ataandika tu. Mimi nikisikiliza nasikia na yale asiyosema.

Masikio yangu yanasema sijatoa, lakini zamu yangu ilikuwa ya usiku, msinishike.

#14 HakimuMtaani
Samahani, nasimamisha ngoma. Mleta mada, fomu ya ridhaa aliyoweka dole gumba huyo mama inasema sauti yake itasikilizwa na nani? Na wanaume wa mtandaoni? Anasema hapo mumewe hajui, na wewe umeibandika mahali ambapo mume mwenyewe anaweza kuingia akitafuta bei ya mbolea.

Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, na taarifa za afya imeziwekea ulinzi wa ziada. Bodi ya maadili iliyokupa kibali ikiona uzi huu utarudi kuandika pendekezo upya.

Na hapo ndipo penye faida ya mnukuzi wa kweli ambayo hakuna aliyeitaja mpaka sasa: unasainishana naye mkataba wa usiri. Anafuta mafaili, ana jina na sahihi. Hao vijana wanne wa #3 hawana.

#15 Msimamizi wa Jukwaa
Kiungo cha sauti kwenye #9 kimeondolewa. Uzi unaendelea.

#16 MtafitiMvivu
Nimekosa, tena vibaya. Asante #14. Fomu yangu inasema "timu ya utafiti" basi, hata mnukuzi wa nje sikumtaja. Nitamwandikia msimamizi leo. Na kama kuna aliyeishusha ile sauti, naomba aifute.

#17 Mzee_Uhazili
Wanangu, mnaongea kana kwamba kazi hii imeanza juzi na kompyuta. Sisi tulisoma Chuo cha Uhazili Tabora. Hatimkato! Mpaka leo tangazo la ajira la katibu mahsusi linataka hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja. Bosi anaongea, kalamu inakimbia, mikwaju tu, mnene na mwembamba, juu ya mstari na chini ya mstari. Ukitoka mkutanoni unakwenda kuchapa siku hiyohiyo, kwa sababu ukilala, kesho hata mwenyewe huisomi.

Na tulifundishwa kwamba mwenye kikao ndiye anayesema anataka nini. Muhtasari ni kitu kimoja, neno kwa neno ni kitu kingine. Fungueni Taarifa Rasmi ya Bunge, ile Hansard (neno la Kijerumani hilo), muone mabano: (Makofi), (Kicheko). Hapo kuna mtu aliyekaa akaamua kwamba kile kilikuwa kicheko.

#18 Kipanga
Mzee shikamoo. Lakini Hansard siyo neno la Kijerumani, ni jina la mtu. Thomas Curson Hansard, mchapaji wa London, ndiye aliyekuwa akichapa mijadala ya Bunge la Uingereza karne ya 19 mwanzoni. Jina likang'ang'ania.

#19 Mzee_Uhazili
Marahaba. Nimekubali, nilifundishwa vibaya. Aliyenifundisha ameshatangulia, siwezi kumdai.

#20 LughaSafi
Naomba tuelewane kwanza kwenye jina. Mnasema kunukuu, kunakili, kutransikraibu. Kunakili ni kutoa nakala, kopi. Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo. Wanaisimu wana unukuzi wa kifonetiki tangu zamani. Kwa hiyo kazi ni unukuzi, mtu ni mnukuzi.

#21 BintiWaPedeli
Mteja akinipigia anasema "dada unafanya transi?" Nikimjibu "mimi ni mnukuzi" anadhani nimekosea namba.

#22 Sogea_Forodhani
Ahlan, nachangia kutoka Unguja. Tatizo la mama wa #9 mnazisingizia kompyuta na pikipiki. Mimi nasema ni Kiswahili chenyewe kinavyoliwa mdomoni. "Sijatoa" inakuwa sjatoa, "nimeshatoa" inakuwa nshatoa. Kilichobaki kuzitenganisha ni herufi mbili mwanzoni, na hapo ndipo pikipiki ilipopita. Kuna na watu wanaoangusha h: "atumii" ni hatumii, lakini programu inaandika "atumie". Mtu kakataa, wewe umeandika kaamrisha! Ukanushi wetu umekaa mwanzo wa neno, pale pale watu wanapopameza.

Tena angalia na saa. Mtu alisema kliniki inafunguliwa saa mbili. Mnukuzi hodari wa kisasa akaandika 2:00. Ripoti ya Kizungu ikatoka kwamba kliniki ya kijiji inafunguliwa saa nane za usiku.

Na hapa kwetu si kusonya, ni kufyonya.

#23 Chipu_Moto
Sheikh umesema kweli, na hilo linanipa hoja mimi: binadamu naye hasikii! Watu watatu humu wamesikia vitu viwili tofauti. Mashine ikikosea inakosea bila chuki. Shida ya Kiswahili ni chakula ilicholishwa. Whisper ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na kati ya hizo saa 117,000 tu ndizo za lugha 96 zisizo Kiingereza zikigawana, na mgawo wetu ulikuwa kiduchu. Watu wanachangia sauti za Kiswahili kwenye Common Voice ya Mozilla. Ikishiba itasikia.

Halafu #14, programu ikiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe sauti haitoki ndani. Hakuna mnukuzi wa usiri kuliko huyo.

#24 BintiWaPedeli
Chipu, hilo la usiri nimekubali, ukiwa na kompyuta yenye ubavu. Ile modeli kubwa inataka kadi ya picha yenye kumbukumbu kama gigabaiti 10, ya mwanafunzi wa hosteli inayo?

Ila "bila chuki" hapana. Mashine ina ugonjwa wake: haijui kunyamaza. Niliwahi kuletewa kazi ya mashine niisafishe. Mama ameulizwa kuhusu mtoto aliyefariki, amekaa kimya sekunde ishirini. Pale kwenye kimya programu imeandika maneno ya kushukuru watazamaji kwa kuangalia. Niliacha kazi nikatoka nje kidogo. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walikuta kama asilimia 1 ya vipande walivyopima, tena vya Kiingereza, vina maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na wenye shida ya kuongea, wenye kunyamaza kwingi, ndio walioongezewa zaidi. Mimi nikishindwa kusikia naandika [haisikiki 14:32]. Huo ukweli kwamba sijasikia, nao unaulipia.

#25 Teknolojia_ya_Bibi
Hapo kwenye [haisikiki] nina kidonda. Nililipa mtu, jina naliacha. Karatasi zikarudi safi, hakuna hata haisikiki moja, kila sentensi imenyooka. Nikafurahi. Nilipokuja kusikiliza mwenyewe, mzee amekohoa nusu dakika na anaongea huku kinywa kimejaa muhogo, na kwenye karatasi ana Kiswahili cha taarifa ya habari. Alitunga! Mahojiano matano yote alitunga pale aliposhindwa. Nilianza upya.

Ndiyo maana nawaambia watu, karatasi ikiwa safi mno ogopa.

#26 MwanaTudor
Naomba nimtetee kidogo huyo bila kumjua. Kule mtandaoni ukiacha "haisikiki" nyingi unashushwa alama, ukishushwa alama kazi hupati. Unajifunza kubahatisha. Unalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa ulizokaa, kwa hiyo sauti mbovu yenye watu sita wanaokatana maneno inakula siku nzima kwa pesa ileile. Mkilipa kwa dakika, ongezeni kwa sauti mbovu na kwa majadiliano ya kikundi.

#27 Bukavu_Line
Salamu toka Kivu. Mimi nataka kuchekesha tu. Shirika lilikusanya sauti huku kwetu likazituma Dar kwa kuandikwa, "si ni Kiswahili." Mama anasema "batoto banagonjwa, bamama banaogopa," halafu miaka na bei anataja kwa Kifaransa katikati. Karatasi zikarudi nusu yake [lugha nyingine]. Tulilipwa sisi kuandika upya. Kwa hiyo mimi siwezi kulalamika.

#28 Fundi_Redio
Nimesoma uzi mzima, hakuna hata mmoja aliyeuliza kinasa kilikuwa wapi. Nabashiri: simu, imewekwa mezani upande wa anayehoji, nje ya nyumba chini ya mwembe, kuku wapo. Nimekosea?

#29 MtafitiMvivu
Haukuwa mwembe, ni mkorosho. Mengine yote umepatia.

#30 Fundi_Redio
Basi mkuu umeshalipa ghali kuliko 45,000. Kipaza sauti cha kubana kwenye kola kingekumalizia mabishano yote haya. Sauti mbovu hainukuliki na mtu wala mashine. Kwa sasa ifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kata ngurumo za chini, ongeza pale sauti ya mwanamke inapokaa, sikiliza tena hiyo sehemu peke yake polepole.

#31 Mama_Kidawa
Weka tena kiungo basi tusikilize ikiwa imesafishwa.

#32 HakimuMtaani
Mama Kidawa!

#33 Mama_Kidawa
Nimejisahau.

#34 DoktaWaKaratasi
Nami nasimamia wanafunzi, niseme nisichoambiwa kusema. Tunawaambia "neno kwa neno" kwa mazoea. Kwa mada hii wala huhitaji kila "yaani" na kila kigugumizi, labda kama unachambua mazungumzo yenyewe. Mwulize msimamizi kama atakubali unukuzi uliosafishwa, utaokoa fedha. Na mahojiano kama matano yanukuu mwenyewe. Wanafunzi wanaolipia yote wananiletea sura ya matokeo kama watu waliosimuliwa sinema.

#35 BintiWaPedeli
Daktari, kwa heshima, ukisafisha kusonya, nini kinabaki? Huyo mama namba 14 alisonya. Kasonya baada ya kumtaja mume. Safisha hiyo uone kama ana la kusema.

#36 DoktaWaKaratasi
Mh.

#37 Kipanga
Hiyo ni "mh" ya kukubali au ya kukataa? Tunaandikaje?

#38 MtafitiMvivu
Mrejesho wakuu. Msimamizi kakubali nirekebishe kibali kwanza, nimtaje mnukuzi na mkataba wa usiri. Nitanukuu sita mwenyewe, ishirini nampa yule wa 45,000. Kapunguza kidogo nilipomwambia nitampa orodha ya maneno ya kliniki: kijiti, kitanzi, majina ya vidonge, majina ya vijiji.

Kuhusu mama namba 14. Nimesafisha sauti kama alivyosema Fundi. Pikipiki imeisha, na neno nalo limeisha. Juu huko anasema kijiti aliwekewa "mwaka ule wa mvua nyingi", kwa hiyo Nesi hapo nimekwama.

Jana nikampigia msaidizi wangu wa utafiti aliyekuwa amekaa naye uso kwa uso. Neno hakumbuki. Ila anakumbuka kwamba mama alipotamka hivyo alijigusa mkono, hapa juu, kwa ndani.

#39 Chipu_Moto
Basi. Anaonyesha palipokuwa. Nshatoa.

#40 Mama_Kidawa
Anaonyesha kilipo! Mtu anagusa kitu kilichopo.

#41 Sogea_Forodhani
Au alikuwa anafukuza mbu.

#42 NesiWaZamu
Mkono upi? Tunaweka mkono ambao mama hautumii sana. Mwulize msaidizi, na kama huyo mama anashika jembe kwa kushoto.